Mzee Mswaki na Mawe ya Tangi Kubwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wa tangi kubwa la miamba hapa kwenye jumba letu la samaki atalivua aproni lake la mpira na kulitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi miwili kazini. Hiyo miezi miwili ameihesabu mwenyewe na amesema isiachwe. Wengi wenu jina lake la kwenye kitambulisho hamlijui, na mkiliona kwenye ratiba ya sherehe mtaulizana huyu ni nani. Ni Mzee Mswaki, basi. Ni yule yule.

Mimi ninayeandika ni msafishaji wa ukumbi wa tangi hilo, mwaka wa tisa sasa. Karani wa gazeti letu la wafanyakazi alinipa kazi hii kwa sababu ndimi ninayekunywa naye chai kila siku saa nne. Nilimwambia mkono wangu umezoea mopu, si kalamu. Akasema wewe andika kama unavyoongea, herufi tutazinyoosha sisi. Haya. Mzee Mswaki mimi namwita kaka, na mkewe namwita wifi, kwa hiyo mkiona nimemsifia sana mjue ni ndugu.

Ila kabla sijafika mbali, kuna jambo linanikaa kooni tangu nianze kuandika, na nisipolisema mapema nitakosa ujasiri. Kwenye faili la kaka yangu huyu kuna barua moja ya onyo. Ni moja tu kwa miaka yote hiyo. Kwa sababu ya barua hiyo, ombi lake la kurudi hapa siku moja kwa wiki, Jumanne, awafundishe wanaojifunza kazi, limekataliwa. Utaratibu unasema mstaafu harudi kufundisha kama ana onyo ndani ya miaka mitano ya mwisho. Sasa, ile barua si yake. Nitaeleza ni ya nani. Mnivumilie kidogo, tuanze mwanzo.

Kaka alianza hapa akiwa mbeba ndoo. Kazi yake ilikuwa kutoa maji machafu nje na kuleta maji ya chumvi ndani, ndoo mbili mbili, kutwa nzima. Tangi alikuwa nalo fundi mwingine aliyestaafu zamani, mtu mkali, hacheki na mtu. Siku moja fundi yule alitoka kidogo, na kaka akaona mawe ndani ya tangi yana utando wa rangi ya waridi, mengine zambarau. Akajisemea, jamani, huu uchafu umeachwa mpaka umegandia! Akachomoa jiwe moja, akalipiga msasa wa nguvu. Akachomoa la pili. Fundi aliporudi alikuta kaka yuko kwenye jiwe la tatu, jasho linamtoka, mawe yamekuwa meupe kama jino, naye anangoja kupongezwa.

“Umelichuna ngozi,” fundi akamwambia. “Hiyo waridi ndiyo afya yake. Ikijaa hiyo, mwani wa kijani unakosa pa kukaa.”

Kaka anasema hajawahi kuona aibu kama siku ile, hata siku ya harusi yake alipokanyaga gauni la bibi harusi. Ilichukua karibu mwaka mzima mawe yale matatu kurudi rangi. Kila asubuhi alikuwa anapita kuyaangalia kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Hapo ndipo alipoipenda kazi. Kila mwanafunzi wa kazi aliyepita mikononi mwake amesimuliwa kisa hicho siku ya kwanza, kabla hata hajaoneshwa choo kiko wapi.

Mnaopita haraka mkielekea kwa papa, acheni niwaambie kazi yake ilivyo, maana mimi nimeitazama miaka tisa na ninaweza kuisema usingizini. Samaki wanakula, wanachafua. Chakula kingine kinadondoka hawakioni. Vyote hivyo vinasagika vinakuwa kama vumbi la kahawia, linakaa juu ya mawe na kuingia kwenye nyufa. Ukiliacha, linakuwa mbolea. Mwani wa kijani unaota hapo, unarefuka, unafunika matumbawe mpaka yanakosa mwanga. Kwa hiyo kaka haanzi kusugua. Anaanza kupuliza. Ana bomba lake la mpira lenye pua ndefu, mfano wa kile kidude cha kumvutia mtoto mchanga kamasi, ila kubwa. Analiminya mbele ya kila ufa, pfu, pfu, vumbi linatoka kama moshi. Pampu zinalipeleka kwenye chujio. Linalobaki chini analinyonya kwa mpira. Ndipo anakuja na mswaki, taratibu, pale penye kijani tu. Waridi haigusi. Jiwe likizidi anatoa, analisugulia kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilo hilo. Si ya bomba la ukutani! Ya bomba hapana kabisa. Hili la bomba mlishike, nitalirudia kwa masikitiko.

Jina la Mswaki lilitoka kwa mlinzi wa getini. Kaka alikuwa amepita ofisi zote akiomba watu wamletee miswaki waliyoacha kutumia, maana ya dukani ni migumu, inakwaruza. Akawa anatoka na mfuko umejaa, aende akaichemshe nyumbani. Mlinzi akamkagua, kama sheria inavyosema, akamwaga mezani miswaki arobaini na kitu ya rangi zote.

“Mzee, kwako mko wangapi?”

“Ni ya mawe hii.”

“Mawe! Na dawa ya meno mnatumia gani?”

Basi likabaki hapo. Mpaka leo akipita getini anaulizwa mawe yameamkaje, yameng'oa jino lolote? Naye anajibu kwa heshima zote kwamba la kushoto juu bado linasumbua.

Tukizungumzia mafanikio, kaka amefanya mengi, lakini mimi nitayataja yale niliyoyaona. Konokono wa tangi anawahesabu kila Ijumaa. Ndio wanaokula mwani mdogo kwenye kioo na mawe, na anawaita wafanyakazi wa kudumu. Konokono akianguka chali, aina ile hawezi kujigeuza, anakufa akitazama juu. Kaka hajawahi kwenda nyumbani kabla hajawageuza wote. Amewahi kuacha lifti ya bure kwa ajili ya konokono mmoja. Samaki wake mmoja wa njano, mlaji hodari, anayetafuna mwani kutwa kama mbuzi kwenye ua wa jirani, amefikisha miaka kumi na minne. Na alipunguza chakula cha tangi zima karibu nusu, watu wakamwita mchoyo. Akasema samaki ni kama watoto, wakikuona tu wana njaa. Nilimuunga mkono. Nina wanangu wawili, najua hiyo njaa ya kuona sufuria.

Ubaya wake ni mmoja, hajitunzi. Mikono majini saa sita kwa siku, glavu zimelala mfukoni. Nimempigia kelele mpaka nimechoka. Mwaka juzi akachomwa na mnyoo mmoja wa kwenye mawe, ana manyoya laini laini ukimgusa yanakuingia kwenye ngozi kama vioo. Vidole vikavimba kama ndizi. Nikamtoa manyoya kwa utepe wa gundi, nikivuta nikimsema, nikivuta nikimsema. Alisema maneno yangu yalimuuma kuliko mnyoo. Na mgongo je? Mgongo ule ni wa kuinamia tangi, na hataki kiti. Nilikuwa kila nikimwona ameinama moyo unanienda mbio, nikisema leo atashindwa kunyanyuka.

Na ni huo mgongo ulioniponza. Sasa sikilizeni.

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa joto la taa. Hujaziwa kutoka kwenye pipa la bluu lililo nyuma ya ukuta, na pipa hujazwa na mashine ya kuchuja inayotoa maji safi kabisa, matone kwa matone, utadhani inasusa. Kaka alikuwa anafika alfajiri anaikalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo umekunjika, anangoja pipa lijae. Mimi nafika kabla yake. Nikamwonea huruma. Nikasema huyu mtu atavunjika hapa kwa sababu ya maji? Nina mpira wangu mrefu wa kusafishia sakafu, bomba liko hatua nne. Nikavuta mpira, nikajaza pipa dakika tatu, nikafunika. Akija anakuta limejaa.

“Mashine leo imeamka vizuri,” akasema siku ya kwanza.

Nikaendelea na mopu yangu, nimefurahi moyoni kama mtu aliyetoa zawadi bila kujulikana. Nikafanya hivyo wiki tano. Wiki tano, jamani, kila asubuhi.

Wiki ya tatu mawe yakaanza kuota vinywele vya kijani, laini kama vya kichwa cha mtoto wa mwezi mmoja. Wiki ya nne vikawa ndevu. Wiki ya tano watoto wa shule wakawa wanapiga kelele kwenye kioo, mwalimu, mwalimu, mawe yana nywele! Kaka alipuliza, akasugua, akanyonya. Akapunguza saa za taa. Akapunguza chakula tena mpaka samaki wakawa wanamfuata kwenye kioo kama wadai. Akasugua jiwe Jumatatu, Alhamisi limerudi vile vile. Usoni aliisha. Chai ya saa nne ilikuwa inapoa mbele yake.

Maneno nayo yakaanza. Mzee amechoka. Macho yamefifia, haoni uchafu. Mkuu wetu wa kituo akamwita, akampa barua ya onyo kwa uzembe wa usafi wa tangi, na miezi mitatu. Mawe yasiposafika, yote yatatolewa na kuwekwa ya plastiki, ambayo hayahitaji fundi. Simlaumu Mkuu. Mawe yalikuwa na ndevu kweli, kila mtu ameyaona.

Siku mbili baada ya barua kaka akaamua kupima kila kitu. Chumvi, chakula, maji ya pipa. Ana vichupa vyake vya kupimia, maji yakiwa na mbolea yanageuka bluu. Akaja mapema kuliko mimi nilivyozoea, na akanikuta nimesimama kwenye pipa, mpira mkononi, maji yanatiririka.

“Dada, hayo maji yanatoka wapi?”

“Bombani, kaka. Nakusaidia, mgongo wako.”

“Tangu lini?”

Nikamwambia. Akachukua maji kidogo kwenye kichupa, akatia dawa yake, akakitikisa. Bluu iliyokuja pale sijawahi kuiona hata kwenye sare ya shule. Maji ya bomba ni mazuri kwetu sisi kunywa, lakini yana vitu ndani ambavyo kwa mwani ni karamu. Mimi nilikuwa naukaribisha mezani kila asubuhi.

Nilidhani atapiga kelele. Akakaa kwenye ndoo yake, akaanza kucheka. Akacheka akashika kiuno. “Miaka ishirini na tisa napigana na mwani,” akasema, “kumbe dada yangu ndiye anayeupikia!” Nikacheka naye, kisha nikaanza kulia, kisha nikavua aproni niende ofisini nikaseme. Akasimama mlangoni.

“Unaenda wapi?”

“Kwa Mkuu. Barua ile ni yangu.”

“Wewe ni kibarua. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, wakisikia hili hawautii sahihi. Mimi ni wa kudumu, karatasi moja hainitoi. Karatasi haili wala hailii, dada. Una wawili nyumbani wanaofanya vyote viwili. Funga bomba tufanye kazi.”

Nikafunga bomba. Na mdomo nikaufunga, miaka miwili. Ndiyo hivyo, nimeshasema.

Jinsi alivyoyaokoa yale mawe ni somo. Alimwaga pipa lote. Akaanza kubadilisha maji ya tangi kidogo kidogo, mara mbili kwa wiki, bila papara. Akabadilisha machujio ya ile mashine, kumbe yalikuwa yameziba ndiyo maana ilikuwa inasusa. Kila siku anapuliza nyufa, ananyonya vumbi, anang'oa ndevu kwa vidole huku ameshika mpira karibu, ili kipande kilichokatika kisielee kikaote kwingine. Akaleta konokono wapya sitini. Mimi nilikuwa nashika ndoo na kusali. Wiki ya sita jiwe la mbele likaonekana. Wiki ya tisa samaki wa njano akawa anazunguka ovyo, hana cha kutafuna. Wiki ya kumi na moja kaka akaniita kwenye kioo, akanionesha kwenye pembe moja doa la waridi, dogo kama kifungo cha shati. Mkuu alipokuja na daftari lake kukagua, mawe yalikuwa safi, na habari ya plastiki ikafa. Ila barua ilibaki failini, maana barua ikishapigwa muhuri hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya kuihitaji.

Siku hiyo ikafika mwezi uliopita. Kaka aliandika ombi la Jumanne. Jibu lilipokuja alinionesha, akasema si kitu, nitapanda mchicha. Nikasema vizuri, mchicha ni mzuri. Jumapili wifi akanipigia simu.

“Wifi, njoo umchukue kaka yako! Amemaliza sufuria zangu zote kwa mswaki, sasa yuko kwenye vigae vya bafu. Jana nimemkuta anapuliza nyufa za ukuta!”

Tulicheka. Tulipokata simu mimi sikutulia mchana ule. Niliwaza, yule mtu hataki malipo, hataki cheo, anataka Jumanne. Na Jumanne yake nimeikalia mimi.

Sasa mnajua gazeti hili halichapwi kabla Mkuu hajalipitisha. Kwa hiyo Jumatano nilizichukua kurasa zangu nikazipeleka mwenyewe. Ziliishia pale kwenye simu ya wifi. Mkuu akasoma yote, na mimi nimesimama nikihesabu vifungo vya blauzi yake. Alipofika kwenye miswaki alitabasamu. Alipofika kwenye pipa aliacha.

“Kwa nini hukusema wakati ule?”

“Aliniambia nifunge bomba tufanye kazi, Mkuu.”

“Na sasa umefungua kwa nini?”

“Kwa sababu wale wanaojifunza, jana nimewaona wanasugua kabla ya kupuliza. Na mmoja alikuwa na jiwe la waridi mkononi, ana msasa.”

Mkuu akanyanyuka kwenye kiti. Akaagiza faili. Ile barua niliiona kwa macho yangu, ni karatasi nyepesi tu, na nilivyokuwa naibeba moyoni nilidhani ni gogo. Akaitoa kwenye klipu, akaipiga mistari miwili ya kalamu nyekundu, akaandika kwamba imefutwa. Kisha akavuta karatasi mpya akaanza kuandika, nami nikajua ni ya nini. Onyo, kwa kujaza pipa la tangi bila ruhusa na kwa kukaa kimya. Na jina langu juu, limeandikwa bila kosa hata moja. Sasa nami ni mwajiriwa wa kudumu, haitanitoa. Nikatia sahihi. Sijawahi kutia sahihi nzuri vile, hata kwenye cheti cha ndoa. Nikauliza kama kurasa zangu nizipunguze. Akasema zichapwe zilivyo, na niongeze hiki kipande cha ofisini, nisijifanye sikuwepo.

Kwa hiyo, kaka, unayasoma haya leo kwenye sherehe yako pamoja na wengine, umekaa kiti cha mbele, na najua umeshakunja uso. Usinikasirikie. Uliniambia karatasi haili wala hailii, na ni kweli, hii yangu nimeiweka kabatini na imetulia tu. Wanangu wanaijua. Mkubwa aliisoma kwa sauti, mdogo akauliza ni mpira upi, ule wa sakafuni?

Wafanyakazi wote wa jumba hili wanakushukuru, kuanzia Mkuu mpaka mlinzi aliyekaa hapo nyuma na mfuko wa miswaki mipya aliyoichanga ofisi kwa ofisi, laini yote, ameikagua mwenyewe. Asante kwa mawe, kwa konokono waliogeuzwa, kwa kuwaonesha watu waridi ni nini. Na mimi nakushukuru kwa mengine, unayajua.

Tunakuombea mgongo usiouma, usingizi mrefu asubuhi, mchicha usio na wadudu, na wifi apate kupumzisha sufuria zake. Pumzika vizuri kuanzia Jumatano mpaka Jumatatu. Jumanne saa mbili tunakusubiri. Vaa glavu.